Berlin 1936: Mieleka ilipima kilo, vita vikapima asili

Mwezi wa nane mwaka 1936, mjini Berlin, Ujerumani, wanamieleka kutoka mataifa mengi walipanda juu ya mizani mmoja baada ya mwingine. Kilo zikasomwa, zikaandikwa, na kila mmoja akapelekwa kwenye kundi la watu wa uzito wake. Mizani haikuuliza dini ya babu, lugha ya mama wala chama cha siasa. Iliuliza jambo moja tu: mtu huyu ana kilo ngapi?

Kabla ya miaka kumi kutimia, wengi kati yao walipimwa tena, safari hii kwa mizani nyingine kabisa. Mmoja alikatwa kichwa gerezani. Mwingine alikufa akiwa askari, mwezi mmoja tu kabla ya bunduki kunyamaza. Wa tatu alipelekwa kazi ya kulazimishwa nyuma ya mstari wa vita kwa sababu alikuwa Myahudi. Wa nne, bingwa mara mbili, alitoroka kambi akapotea porini pamoja na wenzake. Wote wanne walikuwa wamepigana chini ya paa moja, wiki moja, mbele ya waamuzi walewale.

Mji uliosafishwa kwa wageni

Berlin ilipewa kuandaa Michezo ya Olimpiki mwaka 1931. Wakati huo Adolf Hitler hakuwa bado ameshika madaraka. Aliyashika Januari 1933, na katika mwaka huohuo Wayahudi wa Ujerumani walianza kufukuzwa kwenye vilabu vya michezo. Kijana aliyekuwa akifanya mazoezi na wenzake tangu utoto aliambiwa asirudi tena. Kwa hiyo wengine hawakufika hata mbele ya mizani ya Berlin. Mlango ulifungwa mapema.

Michezo ilipokaribia, mabango ya kuwatukana Wayahudi yaliondolewa barabarani ili wageni wasiyaone. Bendera zilipepea kila upande. Serikali ya Hitler ilitaka dunia ione Ujerumani yenye amani, nguvu na nidhamu, na ilitaka wanamichezo wake wathibitishe fundisho lake kwamba kuna damu bora na damu duni.

Watu wengi wamesikia habari za Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyeshinda medali 4 za dhahabu kwenye uwanja mkubwa mbele ya serikali hiyo. Yaliyotokea kwenye ukumbi wa mieleka hayajulikani sana. Ukumbi wenyewe, Deutschlandhalle, ulikuwa mpya; ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1935. Mieleka ilianza humo tarehe 2 Agosti na kumalizika tarehe 9.

Haikuwa ile mieleka ya maonyesho, yenye vinyago, dawa na makelele, ambayo watu wanalipa kiingilio ili wacheke na kuogopa. Hii ilikuwa mieleka ya watu wasiolipwa. Wengi walikuwa na kazi nyingine za kila siku: wakulima, mafundi, askari, vibarua wa bandarini na viwandani.

Sheria za mkekani

Kulikuwa na aina mbili za mieleka. Katika mieleka huru, mtu aliruhusiwa kumshika mwenzake popote, hata miguu. Katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi, mikono ilikatazwa kushuka chini ya kiuno, na mguu haukuruhusiwa kutumika kumwangusha mtu. Yote ilifanywa kwa kifua, mabega, mikono na mgongo. Kila aina ilikuwa na makundi 7 ya uzito, kuanzia kilo 56 hadi wale wa zaidi ya kilo 87. Kwa jumla zilikuwepo medali 14 za dhahabu.

Hesabu ya pointi ilikuwa ya ajabu kidogo: pointi zilikuwa mzigo, si faida. Aliyemlaza mwenzake chali hadi mabega yote mawili yakagusa chini hakupata pointi yoyote, na hiyo ndiyo ilikuwa heri. Aliyeshinda kwa uamuzi wa waamuzi alibebeshwa 1. Aliyeangushwa alibebeshwa 3. Mtu akifikisha 5, alitoka kwenye mashindano. Kwa hiyo kushindwa mara moja hakukumaliza safari, lakini kulimwacha mtu na nafasi ndogo ya kukosea tena.

Wiki ilipokwisha, hesabu iliwashangaza wenyeji. Ujerumani ilipata medali 7 za mieleka, yaani 3 za fedha na 4 za shaba. Dhahabu haikupata hata moja. Uswidi ilichukua 4, Hungaria 3, Ufini 2 na Estonia 2. Marekani, Ufaransa na Uturuki kila moja ilipata 1. Hiyo ya Uturuki, ya Yaşar Erkan, ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi hiyo.

Myahudi wa Hungaria na Mjerumani

Katika mieleka huru, kundi la kilo 66, Ujerumani ilimtegemea Wolfgang Ehrl, ambaye tayari alikuwa na medali ya fedha aliyoipata Los Angeles mwaka 1932. Aliyemzuia alikuwa Károly Kárpáti, mtu wa mji wa Eger huko Hungaria, ambaye naye alikuwa na fedha ya Los Angeles. Kárpáti alikuwa Myahudi. Alimshinda Ehrl na kuchukua dhahabu katikati ya mji ambao viongozi wake walifundisha kwamba watu wa asili yake ni duni.

Siku hiyo bendera ya Hungaria ilipandishwa kwa ajili yake. Lakini nyumbani mambo yaligeuka upesi. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya Hungaria, iliyokuwa ikisogea karibu na Hitler, ilitunga sheria za kuwabana Wayahudi. Vita vilipoanza, wanaume Wayahudi hawakuaminiwa kushika bunduki. Waliingizwa kwenye vikosi vya kazi ya kulazimishwa na kupelekwa upande wa mashariki, Ukraine na Urusi, kuchimba mahandaki na kuondoa theluji barabarani, wengi bila nguo za kutosha.

Kárpáti alikuwa mmoja wao. Medali ya dhahabu haikumtoa kwenye orodha. Huko, katika sehemu iitwayo Davidovka, alikutana na Mhungaria mwenzake, Attila Petschauer, bingwa wa upanga aliyeshinda dhahabu pamoja na timu ya Hungaria katika Olimpiki za 1928 na 1932. Petschauer naye alikuwa Myahudi.

Kárpáti aliokoka, na baadaye alitoa ushuhuda wa aliyoyaona. Kwa maelezo yake, siku moja Petschauer alimwona afisa wa jeshi la Hungaria aliyemfahamu tangu siku za Olimpiki, akamsalimia kwa furaha kama mtu anayemwona rafiki wa zamani. Afisa alimtambua. Badala ya kumsaidia, aliamuru ateswe. Walimvua nguo katika baridi kali, wakamlazimisha kupanda mti na kuwika kama jogoo, wakammwagia maji mpaka yakaganda mwilini. Petschauer alikufa Januari 1943.

Kárpáti alirudi Hungaria baada ya vita, akawa mwalimu wa mieleka, na akaishi hadi mwaka 1996.

Mjerumani aliyekataa kuinua mkono

Si Wajerumani wote waliokuwa ukumbini walimtumikia Hitler kwa moyo. Katika mieleka ya Kigiriki na Kirumi, kundi la kilo 87, nchi iliwakilishwa na Werner Seelenbinder, mzaliwa wa Stettin mwaka 1904, kibarua wa Berlin aliyekulia katika vilabu vya michezo vya wafanyakazi. Alikuwa mkomunisti tangu mwaka 1928.

Mwaka 1933 alishinda ubingwa wa Ujerumani. Wakati wa kupewa medali, washindi walitakiwa kuinua mkono kumsalimu Hitler. Seelenbinder hakuinua. Alifungiwa miezi 16 asishindane. Adhabu ilipokwisha alirudi mkekani, kwa sababu wenzake wa siri walimshauri hivyo: mwanamieleka aliruhusiwa kusafiri nchi za nje, na katika safari hizo angeweza kubeba barua na habari.

Kabla ya Olimpiki aliwaza jambo la hatari. Kama angepata medali, angesimama mbele ya dunia yote na kukataa tena ile salamu, mahali ambapo serikali isingeweza kuficha. Ili kufanya hivyo ilimbidi kwanza ashinde. Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya Edvīns Bietags wa Latvia, na alishindwa. Akabeba pointi zake, akaendelea kupigana, akamaliza wa nne. Dhahabu ilikwenda kwa Axel Cadier wa Uswidi, fedha kwa Bietags, shaba kwa August Neo wa Estonia. Kati ya Seelenbinder na jukwaa kulibaki nafasi moja tu.

Hakuacha. Alipata shaba katika mashindano ya Ulaya mwaka 1937 na tena 1938, na aliendelea kusaidia kundi la siri lililopinga utawala wa Hitler. Tarehe 4 Februari 1942 alikamatwa. Aliteswa ili awataje wenzake. Alihamishwa kutoka gereza hadi gereza na kambi hadi kambi kwa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 24 Oktoba 1944, katika gereza la Brandenburg, alikatwa kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, uwanja mmoja wa michezo katika mtaa wa Neukölln, Berlin, ulipewa jina lake, na majivu yake yakazikwa hapo. Mji ulipogawanyika, viongozi wa upande wa magharibi waliliondoa jina hilo kwa sababu alikuwa mkomunisti, wakati upande wa mashariki ukilitukuza kwa sababu hiyohiyo. Jina lilirudishwa kwenye uwanja mwaka 2004, miaka 60 baada ya kifo chake.

Mfini aliyebaki mstari wa mbele

Lauri Koskela wa Ufini alishinda dhahabu ya mieleka ya Kigiriki na Kirumi, kundi la kilo 66. Nyuma yake walisimama Josef Herda wa Chekoslovakia na Voldemar Väli wa Estonia, ambaye alikuwa bingwa wa Olimpiki huko Amsterdam mwaka 1928.

Nchi hizo tatu zilikuwa ndogo, na kila moja iliangukiwa na jirani mkubwa. Chekoslovakia ilimezwa na Ujerumani mwezi Machi 1939. Estonia ilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1940. Ufini ilivamiwa na Wasovieti Novemba 1939, ikapoteza sehemu ya ardhi yake, na zaidi ya watu 400,000 wakaondoka eneo la Karelia na mizigo waliyoweza kubeba. Mwaka 1941 Ufini iliingia tena vitani, safari hii ikiwa bega kwa bega na Ujerumani. Koskela alikuwa askari. Aliuawa mwanzoni mwa Agosti 1944, karibu miaka 8 kamili tangu siku za Berlin. Bunduki zilinyamaza katika nchi yake mwanzoni mwa Septemba.

Mwana wa shamba aliyeshinda mara mbili

Jina lililong'aa kuliko yote mwaka 1936 lilikuwa la Kristjan Palusalu. Alizaliwa tarehe 10 Machi 1908 katika kijiji cha magharibi mwa Estonia, nchi ambayo wakati ule ilikuwa na wakaaji milioni 1 na kidogo. Alipozaliwa aliitwa Trossmann, jina lenye sauti ya Kijerumani. Estonia ilipata uhuru mwaka 1918, na katika miaka ya 1930 raia wengi walibadilisha majina ya aina hiyo na kuchukua ya lugha yao. Naye akawa Palusalu.

Nchi hiyo ndogo ilikuwa na desturi ndefu ya mieleka. Mwaka 1912 huko Stockholm, Mwestonia Martin Klein, akishindana chini ya bendera ya Urusi kwa kuwa nchi yake haikuwa bado na bendera, alipigana na Alfred Asikainen wa Ufini kwa zaidi ya saa 11. Alishinda, lakini alichoka mno hata hakuweza kupigania dhahabu.

Berlin, Palusalu aliingia kundi la wazito, zaidi ya kilo 87. Kwanza alishinda mieleka huru, mbele ya Josef Klapuch wa Chekoslovakia. Siku chache tu baadaye alirudi kwa mieleka ya Kigiriki na Kirumi, yenye sheria tofauti na wapinzani wapya, akashinda tena. Nyuma yake walibaki John Nyman wa Uswidi na Kurt Hornfischer, tegemeo la Wajerumani. Kushinda uzito wa juu kwa aina zote mbili katika Olimpiki moja ni jambo ambalo hakuna mtu mwingine amelifanya. Estonia yote ilirudi nyumbani na medali 7. Palusalu alipokelewa kwa shangwe, na serikali ikamzawadia shamba.

Shamba hilo halikumpa amani ndefu. Katikati ya mwaka 1940 jeshi la Kisovieti liliingia Estonia na uhuru ukafutwa. Juni 1941 Ujerumani iliishambulia Urusi. Wasovieti, wakirudi nyuma, waliwakusanya wanaume wa Estonia zaidi ya 30,000 na kuwapeleka kaskazini mwa Urusi. Waliambiwa wanaitwa jeshini, lakini wengi waliishia kwenye vikosi vya kazi, kukata miti katika baridi, kwa chakula kidogo. Maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa.

Palusalu alipelekwa upande wa Kotlas. Mwili uliokuwa na zaidi ya kilo 100 ulianza kuisha. Pamoja na Waestonia wengine alitoroka. Walitembea porini bila ramani, wakapotea njia, wakakamatwa. Adhabu ya kutoroka ilikuwa kifo. Hata hivyo jeshi lilihitaji watu, na waliohukumiwa walipewa nafasi ya kwenda mstari wa mbele kupigana na Wafini. Palusalu alikubali. Nafasi ya kwanza ilipopatikana, yeye na wenzake walivuka kwenda upande wa Wafini.

Kwa Mfini mwenye bunduki, mtu anayetoka msituni amevaa nguo za jeshi la Kisovieti ni adui. Lakini Kiestonia na Kifini ni lugha ndugu, na mieleka ni mchezo unaopendwa sana Ufini. Wakamwuliza yeye ni nani, wakamtambua kuwa yule bingwa wa Berlin, na hawakumtendea kama adui. Aliruhusiwa kurudi Estonia.

Kutambuliwa ni upanga wenye makali mawili

Mtu aliyewahi kukimbia na watoto mgongoni anajua swali linaloulizwa kwenye vizuizi: "Wewe ni nani, unatoka wapi?" Jibu moja linaweza kufungua njia mahali hapa na kuifunga kilometa chache mbele. Palusalu alitambuliwa, akapona. Petschauer alitambuliwa, akauawa. Wote wawili walikuwa mabingwa wa Olimpiki. Aliyeshika silaha mbele yao ndiye aliyekuwa tofauti, na kila mmoja wa hao wenye silaha alichagua la kufanya.

Palusalu aliiona serikali ya Kisovieti ikirudi tena Estonia mwaka 1944 na akaishi chini yake maisha yake yote yaliyobaki. Bendera iliyopandishwa kwa ajili yake mara mbili mjini Berlin ilipigwa marufuku nyumbani kwake. Alifariki Tallinn tarehe 17 Julai 1987. Estonia ilirudisha uhuru wake Agosti 1991, miaka 4 baadaye, na bendera ile ikapandishwa tena. Leo mashindano ya mieleka ya kumkumbuka yanafanyika nchini mwake, na vijana wanaokuja kushindana wanaanza mahali alipoanzia yeye: wanapanda mizani, kilo zinasomwa, kisha wanaingia mkekani.